Waraka kwa Matawi: Mali Bila Daftari

Kwa wanachama wote wa chama chetu cha wakulima, matawi ya Kidatu, Mang'ula, Kiberege, Ifakara, Mbingu, Mngeta, Chita na Mlimba. Na kwa wenzetu wa ng'ambo ya mto Kilombero, Lupiro, Mahenge na Malinyi.

Ndugu wanachama,

Mpunga umeanza kuiva, na wiki chache zijazo hakuna atakayekuwa na nafasi ya kusoma karatasi ya katibu. Ndiyo maana naandika sasa. Ninalo ombi moja. Kila tawi lianze kuandika, kwa tarehe na kwa kiasi, kila ahadi ya fedha ya umma inayotolewa katika eneo lake, na liendelee kuifuatilia hadi itimie, au hadi atokee wa kutueleza kwa nini haikutimia. Kisha kile tulichoandika tukiseme hadharani, kwenye mkutano wa kijiji na redioni, bila matusi na bila woga.

Najua wapo watakaosema hiyo ni kazi ya waandishi wa habari. Nimelifikiria sana jambo hilo, na waraka huu ni jibu langu kwao.

Mei 2018 Rais John Magufuli alifika kwetu. Alizindua daraja la mto Kilombero, lenye urefu wa mita 384, ambalo sasa lina jina lake, na akaweka jiwe la msingi la barabara ya lami ya kutoka Kidatu hadi Ifakara, kilomita 66.9. Fedha za barabara zilitoka Umoja wa Ulaya, Uingereza na Marekani, pamoja na Serikali yetu. Siku zile bonde lilijaa kamera na magari ya wanahabari. Barabara hiyo ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Agosti 2024, na kamera zikarudi. Kati ya jiwe la msingi na utepe ilipita miaka sita.

Nani kati yetu amesahau miaka hiyo? Masika lori la mpunga linalala njiani, kiangazi vumbi linaingia hadi ndani ya vyungu. Mama mjamzito anatolewa vijiji vya kaskazini kuletwa Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, na ndugu zake wanaomba mvua isinyeshe. Mnunuzi wa mchele alikuwa anaitumia barabara ile ile kutushusha bei: anataja nauli ya lori, anataja matope, na sisi tunakosa la kujibu kwa sababu matope tunayaona.

Siwezi kusema hapakuwa na habari. Zilikuwepo. Lakini nyingi nilizosoma na kusikia zilitoka siku kiongozi alipokuja kukagua. Kiongozi anamwagiza mkandarasi aongeze kasi, mwandishi ananukuu agizo, habari inakwisha. Baada ya muda anakuja kiongozi mwingine, anatoa agizo lile lile, na gazeti linaweka kichwa cha habari kile kile. Sikumbuki kusikia mwandishi akirudi mwezi mmoja baada ya agizo kuuliza kama limetekelezwa. Mkataba ulitaka kazi ikamilike lini? Muda uliongezwa mara ngapi, kwa sababu gani, na nani alisaini? Gharama ya kuchelewa imelipwa na nani? Mfadhili huletewa taarifa ya maendeleo ya mradi kwa mujibu wa mkataba wake. Mwananchi aliyekaa kwenye vumbi miaka sita hakuwa na pa kuisoma taarifa hiyo, na chombo cha habari ambacho kingeweza kumsomea kilikuwa kinasubiri ziara nyingine.

Msinielewe vibaya. Barabara ni nzuri na daraja ni zuri. Anayebeza daraja lile hajawahi kulala ukingoni akisubiri kivuko, tena na mgonjwa mikononi. Furaha yetu siku ya uzinduzi ilikuwa ya haki. Ninachosema ni kwamba kushukuru na kuhoji vinakaa katika kifua kimoja bila kugombana, na mtu anayetuambia tuchague kimoja anatupunguzia uraia wetu.

Kivuko chenyewe kina funzo zito kuliko barabara. Januari 2016, wakati daraja likiwa bado linajengwa, kivuko cha MV Kilombero II kilipinduka mtoni kikiwa na watu na magari. Wanahabari walikuja, wakaandika juu ya upepo mkali, juu ya waokoaji na waliopotea, kisha wakaondoka. Maswali ambayo sisi tulibaki nayo yalikuwa ya kawaida kabisa: kivuko kilikaguliwa lini mara ya mwisho, abiria waliandikwa wapi, vifaa vya kuokolea vilikuwa wapi. Miaka miwili na miezi minane baadaye, Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, wilayani Ukerewe, na kuua zaidi ya watu 220. Vivuko vyote viwili vilikuwa chini ya wakala mmoja wa Serikali. Sisemi kwamba sababu za ajali hizo zilikuwa zile zile. Mimi si mtaalamu wa vyombo vya majini. Nasema kwamba maswali ya Kilombero yangekuwa yameulizwa kila mwezi, kwa sauti, kwenye kila redio, mpaka yajibiwe, basi kila kivuko nchini kingekuwa kimepata macho ya kukitazama. Habari iliyoachwa njiani huku kwetu haituumizi sisi peke yetu.

Kuhusu ardhi nitapita haraka, kwa kuwa wenzetu wa Mngeta wanaijua kuliko mimi. Shamba la mpunga la Mngeta, hekta 5,818, lilichukuliwa mwaka 2008 na kampuni ya Kilombero Plantations kwa ubia na RUBADA, mamlaka ya umma ya bonde la Rufiji. Likasifiwa ndani na nje ya nchi kuwa mfano wa kilimo kipya, wakubwa wakatembezwa, picha zikapigwa. Mwaka 2015 taasisi ya Oakland Institute ya Marekani ikatoa ripoti iliyobeba malalamiko ya wakulima wadogo wa eneo hilo. Mwaka 2019 kampuni ikaanguka. RUBADA nayo ilikuwa imekwisha kuvunjwa. Sifa za mwanzo mlizisikia wote redioni. Je, hesabu ya mwisho mliisikia wapi? Nani anadaiwa, nani alilipwa, ahadi kwa vijiji vya jirani zilifia mikononi mwa nani? Na mliona pia mwaka 2012, wakati wa operesheni ya kuondoa mifugo bondeni, na tena mwaka 2023 eneo la hifadhi lilipopandishwa hadhi kuwa Pori la Akiba, jinsi habari zinavyokuwa na msemaji mmoja: afisa. Mfugaji anaonekana kwa mbali nyuma ya ng'ombe wake, mkulima anaonekana akiwa ameshika jembe, na maneno yote yanasemwa na mwingine. Bonde hili ni ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar tangu 2002, na mimi ni mmoja wa wanaotaka lihifadhiwe, maana maji yakikauka mpunga hautalimwa kwa hotuba. Lakini uhifadhi unaotangazwa bila kumsikiliza anayeishi ndani yake utazaa ugomvi kila msimu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo limenipa ujasiri wa kuandika waraka huu.

Wazee wa Lupiro na Namwawala watakumbuka vijana waliokuwa wakipita nyumba kwa nyumba na makaratasi, kuanzia mwaka 1996, wakiuliza nani amezaliwa, nani amehama, nani amefariki. Walitoka katika kituo cha utafiti cha hapa Ifakara, ambacho leo ni Taasisi ya Afya Ifakara, na chanzo chake ni maabara ndogo iliyoanzishwa na Waswisi miaka ya 1950. Wengi wetu tuliwaona wasumbufu. Mtu ametoka shambani amechoka, anaulizwa mtoto wake wa tatu ana miezi mingapi. Wakati huo huo vyandarua vyenye dawa, vile vya Zuia Mbu, vilikuwa vinauzwa katika vijiji vya Kilombero na Ulanga kwa bei nafuu. Baada ya miaka michache ya kuandika na kulinganisha, watafiti waliweza kusema kwa hakika kwamba kwa watoto wa mwezi mmoja hadi miaka minne, waliotumia vyandarua hivyo walikuwa na nafasi ya kuishi kubwa zaidi kwa asilimia 27 kuliko wasiotumia. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001, na muda si mrefu nchi nzima ikaingia katika mpango wa hati punguzo kwa mama wajawazito.

Tafakarini jambo hilo, ndugu zangu. Watoto walikuwa wanakufa kwa malaria tangu enzi za babu zetu, na kila mtu alijua wanakufa. Kujua peke yake hakukubadilisha kitu. Kilichobadilisha ni kuandika: jina, tarehe, nyumba, tena na tena, miaka kadhaa, bila kuruka hata kaya moja kwa sababu ya mvua. Waliofanya kazi hiyo mlangoni kwetu hawakuwa maprofesa. Walikuwa vijana wa bonde hili, watoto wetu, wenye kalamu na baiskeli. Kama bonde hili liliweza kuhesabu watoto wake hadi sera ya nchi ikabadilika, haliwezi kushindwa kuhesabu mifuko ya saruji ya darasa moja.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tumezoea kulitumia neno hilo dukani na kwenye vikoba. Mwanachama wa kikoba akichelewesha hisa ya shilingi elfu tano tunaitana usiku. Lakini zahanati inayosimama kwenye linta miaka mitatu tunaipita kila siku tukienda shambani, na tunachosema ni kwamba Serikali ndivyo ilivyo. Kwa nini tuwe wakali kwa jirani maskini na wapole kwa fedha iliyotoka kwenye ushuru wa magunia yetu wenyewe?

Maana fedha hiyo ni yetu kweli. Kila gunia linalopita kizuizini limetozwa. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimeeleza mara kwa mara, kwa halmashauri mbalimbali nchini, makusanyo yaliyopokelewa kwa mashine za POS na hayakufikishwa benki. Ripoti hizo hukabidhiwa kwa Rais kabla ya Machi kwisha, kisha huwekwa mezani bungeni mwezi Aprili. Kwa wiki moja hivi magazeti yanajaa mabilioni. Mabilioni hayo ni makubwa mno kwa mtu wa Chita kuyashika. Yanampita juu ya kichwa, na wiki inayofuata gazeti limehamia kwenye mpira. Ninachotaka sisi tufanye mwezi huo ni kidogo lakini kigumu: tuchukue ripoti ya Serikali za Mitaa, ambayo siku hizi hutolewa kwa Kiswahili pia, tutafute jina la halmashauri yetu, iwe ya Mji wa Ifakara au ya Mlimba, Ulanga au Malinyi, tuandike kila hoja iliyotajwa dhidi yake, na tumuulize diwani wetu hoja moja baada ya nyingine. Kama halmashauri imesifiwa kwa jambo, tulisome hilo pia kwa sauti ile ile.

Mnakumbuka mikopo ya asilimia kumi kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mwaka 2023 ilisitishwa nchi nzima, baada ya ukaguzi kuonesha fedha zisizorejeshwa na vikundi ambavyo havikuwa na watu. Ilirejeshwa mwaka uliofuata. Katika kipindi hicho kina mama wa matawi yetu waliokuwa wakirejesha kwa wakati walikaa bila mtaji sawa na wale walioiba. Hapo ndipo mtaona kwamba kutofuatilia hakumdhuru mwizi peke yake. Laiti kila kijiji kingekuwa na orodha ya vikundi vyake ubaoni, na watu wakaisoma, kikundi hewa kingejulikana siku ya kwanza, maana kijijini tunafahamiana hadi kwa nyayo.

Sheria iko upande wetu zaidi ya tunavyodhani. Katiba, ibara ya 8, inasema Serikali itawajibika kwa wananchi. Ibara ya 18 inatupa haki ya kupewa taarifa kuhusu mambo yanayotugusa. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe pale. Ni vijiji vingapi katika bonde hili vinafanya hivyo? Jibu mnalo. Lakini na sisi tujiulize: ukiitishwa, tunakwenda? Mara nyingi wanaokwenda ni wazee na wale wanaotafuta kitu kwa mwenyekiti. Kisha kuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Raia anaandika ombi, taasisi inatakiwa kumjibu ndani ya siku 30. Barua inatosha. Andika unachotaka kwa usahihi: nakala ya mkataba wa kisima fulani, kiasi kilichopokelewa kwa ajili ya darasa fulani, tarehe na jina la mkandarasi. Gonga muhuri wa tawi, peleka nakala mbili, moja isainiwe na anayepokea, irudi kwenye jalada letu. Ukiandika kwa jumla jumla utajibiwa kwa jumla jumla.

Kuhusu waandishi, nataka tuwe waadilifu. Ni rahisi kuwalaumu. Mwandishi wa wilayani mara nyingi hana mshahara. Hulipwa kwa kila habari inayotoka, na malipo yenyewe hayafiki bei ya mafuta ya pikipiki kutoka Ifakara hadi Mlimba. Gari linalokwenda kwenye mradi ni la halmashauri. Akipanda gari hilo, akala chakula cha msafara, akapewa bahasha mwishoni, kalamu yake imekwisha kufungwa kabla hajaandika neno la kwanza. Huo ndio mtego, na waliouweka ni mabosi wa vyombo vya habari sawa na viongozi wanaopenda kusifiwa.

Tena kuna hofu, nayo haikuanguka kutoka mbinguni. Ng'ambo ya Milima ya Udzungwa, katika kijiji cha Nyololo wilayani Mufindi, mwandishi Daudi Mwangosi wa Channel Ten aliuawa tarehe 2 Septemba 2012 akiwa kazini, mbele ya polisi. Askari mmoja alihukumiwa kifungo cha miaka 15 kwa kifo hicho. Kibiti, huko maji ya mto wetu yanakofika yakiwa yamekwisha kuitwa Rufiji, Azory Gwanda alichukuliwa Novemba 2017 baada ya kuandika juu ya mauaji ya eneo hilo, na familia yake haijamwona tena. Magazeti ya MwanaHALISI, Mawio, Mseto na Tanzania Daima yalifungiwa kwa nyakati tofauti, na yalifunguliwa Februari 2022. Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, Machi 2019, iliamua kwamba vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Bunge lilirekebisha baadhi ya vifungu mwaka 2023. Kijana wa redio wa hapa Ifakara anayajua haya yote. Anapokaa kimya mbele ya mkuu, anamfikiria mama yake.

Kwa hiyo tusimtume peke yake mbele huku sisi tukisubiri nyuma ya ua. Habari ikitoka kinywani mwa mwandishi mmoja, ni rahisi kumnyamazisha. Ikitoka kwenye daftari la tawi lenye majina na saini za wanachama, ikasomwa kwanza kwenye mkutano wa kijiji mbele ya mtendaji, mwandishi anakuwa anaripoti jambo lililokwisha kusemwa hadharani. Tumempunguzia mzigo. Tuna bahati ya kuwa na redio za jamii, Pambazuko FM hapa Ifakara na Ulanga FM kule Mahenge, zinazozungumza na sisi kwa jina la kijiji. Tuzipelekee karatasi, si minong'ono. Na tukiitwa studio, twende watu wenye hesabu mkononi.

Baadhi yenu mmependekeza chama kiwalipe waandishi nauli ili waje kwenye miradi. Napinga, na nitaendelea kupinga kwenye kikao. Bahasha yetu haitakuwa safi kuliko bahasha ya mkubwa kwa sababu tu mkono ulioitoa una sugu. Mwandishi tuliyemlipa leo atatuogopa kesho, siku chama chetu chenyewe kitakapokuwa na la kujibu. Tukitaka kusaidia redio, tununue matangazo yetu ya bei na mikutano kwa risiti, na tusiwadai habari yoyote kwa malipo hayo.

Na la kujibu lazima tuwe nalo. Mtu wa tawi hataweza kumuuliza mtendaji mapato na matumizi ikiwa mweka hazina wake mwenyewe hajasoma hesabu mwaka mzima. Naagiza, kwa mamlaka mliyonipa, kwamba hesabu za kila tawi zibandikwe mlangoni mwa ghala kabla ya tawi hilo kuandika ahadi ya kwanza ya Serikali. Uwekwe na mzani pia: tumewalaumu wanunuzi kwa lumbesa miaka yote, na zipo lawama kwamba ndani ya maghala yetu gunia linapimwa kwa jicho.

Jambo linalonisumbua zaidi ni simu zetu. Kwenye kundi la tawi inatumwa picha ya shimo barabarani, chini yake mtu ameandika kwamba diwani amekula milioni kadhaa. Nani amezihesabu? Shimo ni la barabara gani, picha ya lini? Siku mbili baadaye inagundulika picha ni ya mkoa mwingine. Diwani aliyekuwa na maswali ya kweli ya kujibu anacheka, na sisi tumempa kicheko hicho. Mwanachama akituma tuhuma bila ushahidi, katibu wa tawi aifute na amtake alete karatasi. Upande wa pili wapo wanaojipendekeza: kiongozi akipiga chafya, wanaandika shairi. Uchawa huo umefika hadi kwa viongozi wa matawi, na siwezi kuufumbia macho. Aliyechaguliwa kutusemea akigeuka mpiga zumari wa mwingine, arudishe muhuri.

Tena tusitegemee simu kwa kumbukumbu. Siku ya uchaguzi, tarehe 29 Oktoba 2025, intaneti ilizimwa nchi nzima na ikakaa hivyo siku kadhaa. Watu walishinda hawajui kilichowapata ndugu zao waishio mijini. Kila kilichokuwa kimehifadhiwa kwenye kundi la simu hakikuweza kumfikia mtu. Daftari la kawaida, la jalada gumu, lenye mistari, linalofungiwa kwenye sanduku la ghala, halizimwi na mtu aliyekaa mbali.

Nini kiandikwe? Msianze na kila kitu. Tawi lichague mradi mmoja tu kwa msimu huu, ule unaowauma zaidi. Wenzetu wa Ifakara mjini wameshasema wao watachukua mto Lumemo, ambao kila masika mvua zikizidi unaingia majumbani, na kila baada ya mafuriko linaahidiwa jambo. Waandike kila ahadi iliyokwisha kutolewa kuhusu mto huo na nani aliitoa, kisha waiombe halmashauri maelezo kwa barua. Mlimba wanaweza kuchukua barabara yao, ambayo hadi sasa inawafanya waitegemee treni ya TAZARA. Mngeta wanajua la kwao. Andikeni tarehe, kiasi, jina na cheo cha aliyesema, mahali aliposemea na mashahidi wawili. Msiandike mnachokisikia kwa mtu aliyesikia. Kila miezi mitatu, wiki moja kabla ya mkutano wa kijiji, wajumbe watatu waende kwenye mradi, wapime kwa hatua na kwa macho, waandike walichokiona. Walau mmoja wa wajumbe hao awe mwanamke, kwa kuwa kisima kisichotoa maji humjua kwanza anayebeba ndoo.

Ukijibiwa vizuri, andika umejibiwa. Wapo watendaji wanaofanya kazi kwa moyo katika ofisi zisizo hata na karatasi, na hawa wamechoka kuwekwa kapu moja na wezi. Mtendaji wa namna hiyo atalipenda daftari letu, kwa kuwa ndilo litakalomtetea siku fedha ya mradi wake itakapokuwa imekwama kwingine.

Madaftari yatanunuliwa kwa fedha za ofisi kuu na yatafika kwenye matawi kwa njia ya maghala. Wenyeviti wa matawi waniletee jina la mradi waliouchagua kabla ya mpunga wa mwisho kuingia ghalani, ili barua za maombi ya taarifa ziandikwe pamoja na ziende halmashauri siku moja. Tawi litakaloogopa kuandika barua peke yake liniandikie. Nitakuja, tutaiandika pamoja na tutaipeleka pamoja.

Wenu katika kazi,

Katibu wa Chama
Ifakara